Mkono wa Karani na Daftari la Michoro

Hakuna mtumishi wa ofisi asiyepata kuchora. Kila mmoja wetu alipokuwa mtoto alichora kwa kijiti mchangani, au kwa mkaa ukutani, akapigiwa kelele na mama yake, kisha akachora tena. Hakuna aliyemfundisha, wala hakuomba ruhusa ya mtu. Baadaye tulitiwa chuoni na shuleni, tukafundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu, na kuchora kukaachwa nyuma kama kanzu ya utotoni isiyoingia tena mwilini. Leo mwambie karani, "Bwana, hebu nichoree mlango wa nyumba yako," naye atacheka kwa haya na kujibu, "Mimi sijui kuchora." Jibu hili twalisikia kila mara kwa watu wazima wenye akili, tena wenye mwandiko mzuri, na kwa maoni yetu si la kweli. Twaomba ruhusa ya wasomaji wetu tueleze kwa nini.

Hatusemi kwamba kila mtu aweza kuwa fundi mkubwa wa picha, wala hatumwiti mtu aache kazi yake akauze michoro. Twasema neno dogo zaidi: kila mwenye jicho na mkono aweza kuweka daftari, akachora humo kidogo kidogo kila siku, na faida kubwa ya kazi hiyo ni kwamba itamfundisha kutazama. Uzuri wa mchoro waweza kuja baadaye, au usije. Kutazama huja tangu siku ya kwanza.

Iko sababu ya kulisema jambo hili kwa makarani hasa. Mkono wa karani hufanya kazi kutwa, na karibu yote ufanyayo ni ya mtu mwingine. Huandika barua itakayotiwa sahihi na mkubwa. Hujaza fomu ya mtu asiyemjua. Hunakili orodha ambayo kesho itanakiliwa tena. Siku hizi wengi wetu hata kuandika tumeacha, twabonyeza vibonye vya kompyuta, na kalamu hutoka mfukoni kwa kutia sahihi tu. Mtumishi akimaliza miaka 30 ya kazi njema hustaafu kwa heshima, na majalada yote aliyoyajaza hubaki masjala. Nyumbani kwake huenda usipatikane hata ukurasa mmoja alioufanya kwa ajili yake mwenyewe. Hili si jambo la kulaumiana, maana ndiyo kazi tuliyoajiriwa. Lakini yafaa mtu ajiulize kama mkono wake hauna haki ya kuwa na saa yake.

Mji huu wa Tanga wajua vizuri kwamba karani aweza kuipata saa hiyo. Marehemu Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na mji huu, mwaka 1909. Aliingia kazi ya serikali mwaka 1926, akaanza katika forodha, akaendelea katika idara mbalimbali hata mwaka 1960, na miaka yake ya mwisho ya utumishi aliifanya hapa hapa Tanga katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Alifariki mwaka 1962. Wasomaji na wafanye hesabu. Lau angalingojea kustaafu ndipo aanze kuandika, angalikuwa na miaka miwili tu, na Waswahili wasingalikuwa na vitabu vile walivyo navyo. Yeye alichagua maneno, na sisi leo twazungumza habari za mistari, tena pasipo tamaa ya sifa kama zake. Walakini hesabu ya muda ni ile ile. Anayengojea kustaafu ndipo aanze, hungojea kitu ambacho hakuahidiwa.

Sasa tuzitazame sababu ambazo watu huzitoa, moja moja, maana tumezisikia zote.

Ya kwanza ni kwamba mtu hana kipaji. Karani asemaye hivi amesahau kwamba huchora kila siku. Herufi ni nini kama si mchoro? Siku ya kwanza alipoandika herufi a, mkono ulitetemeka, tumbo la herufi likawa na pembe, na mkia ukaenda juu badala ya chini. Mwalimu hakusema, "Mtoto huyu hana kipaji cha herufi a, na aachwe." Alisema, "Andika tena." Leo mtoto yule ana mwandiko ambao wakubwa huusifu, na hakuna aitaye mwandiko ule kipaji, huitwa mazoezi. Katika vyuo vya Kurani vya pwani yetu mwanafunzi aliandika juu ya ubao kwa wino wa masizi, na alipokwisha kuhifadhi aliuosha ubao na kuandika mengine. Ubao haukuweka kumbukumbu ya makosa ya jana. Mtu mzima aanzaye kuchora yampasa awe na moyo wa mwanafunzi yule, ambaye hakuona aibu kwamba ubao wa leo haukupendeza, kwa kuwa alijua ya kesho yataandikwa juu ya ubao uliooshwa.

Sababu ya pili ni umri. Wako wasemao kwamba vidole vimekwisha kuwa vigumu, na kwamba mambo haya ni ya watoto. Twawakumbusha Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake sasa hutajwa duniani kila inapotajwa picha ya Tanzania. Alizaliwa kusini, katika nchi ya Tunduru, mwaka 1932. Kabla ya kwenda Dar es Salaam alikuwa mtu wa kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga yetu hii. Hakusoma shule yo yote ya picha. Alianza kupaka picha zake mwaka 1968, umri wake ukiwa kama miaka 36, juu ya mbao za kubanwa na kwa rangi za mafuta za dukani. Alikufa mwaka 1972. Miaka minne tu, na wanafunzi wake wakaiendeleza kazi ile hata ikaitwa kwa jina lake. Hatumtaji ili kila mmoja wetu ajione Tingatinga. Twamtaja kwa sababu asiyeanza akiwa na miaka 36, au 46, au 56, hawezi kusema kwamba ni umri uliomzuia.

Sababu ya tatu ni aibu, na kwa kweli hii ndiyo iliyojificha nyuma ya zile mbili. Mtu huogopa kwamba mwenzake atatupa jicho juu ya bega lake na kuuliza, "Huyu ni mbuzi au kiti?" Hapo ndipo twaomba wasomaji wasikilize habari moja ya kweli, ambayo mwanzo wake uko mbali lakini mwisho wake uko katika maji ya Tanga.

Tarehe 22 Desemba 1938, katika mji wa East London huko Afrika Kusini, bibi mmoja aitwaye Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa jumba dogo la makumbusho, aliitwa bandarini kutazama samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Katika lundo lile aliona samaki mmoja wa rangi ya buluu, urefu wake kama mita moja na nusu, ambaye hakupata kumwona mfano wake. Kesho yake alimwandikia barua mwalimu mmoja wa chuo, J. L. B. Smith, aliyekuwa na maarifa ya samaki, na pamoja na maelezo akamchora samaki yule kwa mkono wake. Mchoro ule umechapwa mara nyingi tangu siku zile, na kila autazamaye huona kwamba ni kazi ya haraka isiyokuwa na madaha. Lakini bibi yule alichora alichokiona: mapezi yenye mashina manene kama vigasha vya mtoto, na mkia wenye mkia mwingine mdogo katikati. Barua ilimfikia Smith tarehe 3 Januari 1939. Wakati huo samaki alikuwa amekwisha kuchunwa, na matumbo yake yametupwa. Kwa mistari ile michache Smith alitambua jamii ya samaki ambayo wataalamu walidhani imetoweka duniani tangu miaka milioni 66 hivi. Akampa samaki jina la Latimeria, kwa heshima ya bibi yule.

Samaki huyo ndiye silikanti. Tangu mwaka 2003 amevuliwa mara nyingi katika maji ya Tanzania, hasa hapa Tanga, na mwaka 2009 ikawekwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti katika pwani hii. Sasa na tujiulize. Lau bibi yule angalisema, "Mimi sijui kuchora, nitaaibika mbele ya mwalimu," barua ingalikwenda na maneno matupu. Watu waliouona mchoro wake hawakumwuliza kama ni mzuri. Waliuliza kama ni kweli, nao ulikuwa kweli. Aliye na daftari la michoro na afanye mchoro wake uulizwe swali hilo tu.

Sababu ya nne ni ya simu. Vijana husema, "Kwa nini nichore mlango kwa nusu saa, na simu yangu yaupiga picha kwa dakika moja?" Simu ni chombo chema, nasi twaitumia. Walakini jaribuni jambo hili. Mwambie mtu aliyepiga picha ya mlango jana aeleze, bila kuitazama simu, mlango ule una mbao ngapi, bawaba ziko upande gani, na nguzo ya katikati imechongwa maua au minyororo. Hatajua, kwa kuwa ni simu iliyotazama. Aliyechora mlango ule, hata kama umekwenda upande katika daftari lake, atakujibu yote. Hakuweza kuuvuta mstari wa bawaba pasipo kwanza kuuliza bawaba iko wapi.

Sababu ya tano ni ya dini, nayo yataka kutajwa kwa adabu. Wako wenzetu waliofundishwa kwamba haifai kuchora kiumbe chenye roho. Hatubishani nao, wala daftari la michoro halimlazimishi mtu avunje analoliamini. Ashikaye mafundisho hayo ana kazi tele iliyobaki: milango, madirisha, vyombo vya baharini, minazi, mibuyu, mawe, birika, viatu vilivyoachwa mlangoni. Mafundi wa milango wa pwani hii wamechora maua, minyororo na mawimbi kwa miaka mingi, wakaweka mchoro juu ya ubao kabla ya patasi kugusa mti. Bibi zetu wamechora hina mikononi mwa maharusi pasipo rula wala mpira wa kufutia, na katika ukili wa mikeka wamepanga pembe na mistari kwa hesabu ambayo wengi wetu tungeshindwa kuiweka juu ya karatasi. Asemaye kwamba kuchora ni jambo la kigeni hajatazama mkeka aliokalia.

Sababu ya mwisho ni muda na fedha. Fedha haizungumziki: daftari la shule na penseli moja hununuliwa kwa bei isiyomfilisi mtu, na huenda daftari lisiloandikwa liko ndani ya meza yako sasa hivi. Muda nao twauomba mdogo: dakika kumi kwa siku. Mtumishi hupoteza dakika nyingi zaidi ya hizo akingojea gari. Bandu bandu huisha gogo. Dakika kumi kila siku ni saa 60 kwa mwaka, na hakuna kazi ya mkono ambayo mtu huifanya saa 60 akabaki vile vile alivyokuwa.

Tumekwisha kujibu sababu. Tuje kwenye kazi yenyewe, maana mwenye kusitasita hasaidiwi kwa kuambiwa "jaribu" tu. Husaidiwa kwa kuambiwa aanze na nini.

Anza na kikombe. Kiweke mezani mbele yako, ukae kitini. Akili yako itasema kwamba mdomo wa kikombe ni duara. Lakini tazama vizuri: kutoka pale ulipokaa jicho halioni duara, laona umbo kama yai lililolala. Inama mpaka jicho lilingane na ukingo, na yai litakuwa mstari mmoja. Simama juu yake, ndipo duara litakapotokea. Kikombe ni kile kile. Ni wewe uliyesogea. Makosa karibu yote ya anayeanza yatoka hapa, kwamba huchora ajualo badala ya aonalo. Ajua mdomo ni duara, basi hutia duara, na kikombe huonekana kama kinamwagika. Dawa ya kosa hili si kipaji. Dawa ni kutazama mara mbili kwa kila mstari mmoja.

Baada ya kikombe, jifunze kupima. Nyosha mkono wako mbele, fumba jicho moja, ushike penseli ikiwa imelala, na kwa kidole gumba uweke alama ya upana wa mlango ulio ng'ambo ya njia. Kisha uhesabu: urefu wa mlango ni upana huo mara ngapi? Kama ni mara mbili, na katika daftari uwe mara mbili. Karani anayelinganisha hesabu za kurasa mbili hataona ugumu hapa, maana ni kazi ya namna moja.

Siku ya mapumziko toka mjini. Ukienda upande wa Muheza, utapita kando ya mashamba ya mkonge. Simama mwanzo wa mistari na utazame. Wajua kwamba mistari ile imepandwa sambamba na haikutani, lakini jicho laiona ikikaribiana, hata mwisho yaingia katika nukta moja mbali sana. Ichore hivyo uionavyo. Kwa mistari minne utakuwa umejifunza jambo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa nyingi, nalo litakusaidia unapochora reli, barabara za Ngamiani, au ukumbi mrefu wa ofisi. Na ukiwa pale shambani kumbuka habari ya mmea wenyewe. Mkonge uliletwa katika nchi hii mwaka 1893 na Richard Hindorf. Katika miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida, iliyofika hapa ikiwa hai ni 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mashamba yote ya mkonge ya pwani hii yalianza na miche ile 62. Mwenye daftari jipya asihesabu michoro iliyokufa. Ahesabu ile iliyopona, hata ikiwa ni mitatu katika hamsini.

Habari ya jua pia ijulikane. Tanga iko kiasi cha digrii 5 kusini ya Ikweta. Saa sita mchana kivuli chetu ni kifupi, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita karibu kabisa juu ya utosi. Kwa hiyo mchana nyumba huonekana kama karatasi nyeupe isiyokuwa na umbo. Lakini saa kumi na moja, mtumishi anapotoka kazini, jua limeinama, ukuta mmoja waangaza na mwingine umeingia gizani, na kila nguzo ina kivuli chake. Saa yetu ya kutoka ofisini ndiyo saa bora ya kuchora. Ukifika pwani wakati maji yamekupwa, utaona ngalawa zimelala juu ya matope. Usione haraka. Kutoka kupwa hata kujaa ni kama saa sita, na ngalawa iliyokaa haitaondoka kabla hujamaliza miti yake miwili ya kupita juu na mbao zake za pembeni.

Tumekwisha kusema ya mkono na ya jicho. Twaomba sasa kusema ya mji, maana hapo pana jambo kubwa kuliko burudani ya mtu mmoja.

Kusini ya Tanga, kama kilomita 17 kwa njia ya Pangani, yako magofu ya Tongoni: msikiti wa kale na makaburi kiasi cha 40, mengine yenye nguzo ambazo ndani yake vilitiwa vyombo vya kauri. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka. Richard Burton alipita pwani hii mwaka 1857 pamoja na John Speke, akayatazama magofu yale na kuandika habari zake. Twamshukuru kwa kuandika. Lakini yatupasa kuona kwamba katika habari nyingi za zamani za pwani hii, aliyetazama na kuweka kumbukumbu ni mgeni aliyekaa siku chache, na mwenyeji aliyepita pale kila Ijumaa hakuacha mstari hata mmoja. Si kwamba hakujua. Alijua kupita mgeni. Ila hakudhani kwamba kitu anachokiona kila siku chastahili kuwekwa.

Hali hiyo haikuisha na karne ile. Katika Pangani, na katika mitaa ya zamani ya Tanga, ziko nyumba zenye milango na baraza ambazo wazee wetu walizijenga kwa chokaa na mawe ya matumbawe. Nyumba ya namna hii ikianguka haijengwi tena vile. Mahali pake huinuka ukuta wa matofali ya saruji, na baada ya miaka mitano watoto hawajui palikuwa na nini. Hatupingi matofali ya saruji, kwa kuwa watu wataka mahali pa kulala pasipovuja. Twasema tu kwamba kabla nyumba haijaanguka, mtu mmoja wa mtaa ule angaliweza kukaa ng'ambo ya njia jioni tatu, akaichora, akaandika tarehe na jina la mtaa. Kazi hiyo haihitaji kibali wala fungu la fedha. Yahitaji mtu ambaye kwa mwaka mmoja amekwisha kuchora vikombe, viti na viatu, hata mkono wake hauogopi tena mlango.

Hii ndiyo sababu twasema mazoezi madogo ya nyumbani si mchezo wa watoto. Mwenye kusitasita hudhani kwamba ameambiwa achague kati ya kuchora vizuri na kutochora kabisa, naye kwa unyenyekevu huchagua kutochora. Unyenyekevu huo una gharama, na gharama hulipwa na watoto wake watakaouliza habari za mji wasipate kuonyeshwa kitu.

Basi twapendekeza mambo manne kwa kila mwanachama, bwana au bibi, atakayekubali kujaribu. Kwanza, kila mchoro utiwe tarehe na mahali, kama tutiavyo barua. Hii ni desturi tuliyo nayo tayari. Pili, usifute wala usipasue ukurasa. Mstari uliokwenda kombo na ubaki, na mstari ulionyoka uvutwe kando yake, ili mwisho wa mwaka uone mwenyewe ulikotoka. Tatu, daftari la kwanza asionyeshwe mtu mpaka lijae. Rafiki akisifu mapema, utaanza kuchora ili usifiwe. Akicheka mapema, utaacha. Nne, ukikosa siku moja, usilipe deni la dakika ishirini kesho yake. Chora zako kumi tu uendelee, maana madeni ya namna hii ndiyo yauayo desturi njema.

Na kwa Halmashauri ya chama chetu twatoa shauri moja. Iwekwe alasiri moja katika kila mwezi, siku ya Jumamosi, ambapo wenye madaftari watakwenda pamoja mahali pamoja, leo bandarini, mwezi ujao Tongoni, mwezi wa tatu Pangani na ng'ambo yake ya Bweni. Mtu akiwa peke yake njiani na penseli huona kwamba macho yote yako juu yake. Wakiwa sita, wapita njia hudhani ni kazi ya serikali na kuwapisha. Lakini twaomba sana pasiwe na mashindano wala zawadi. Zawadi humpendeza yule mmoja aliyekuwa hodari tangu zamani, na huwarudishia wengine hofu ile ile waliyoanza kuishinda. Mwaka ukiisha, kila mmoja achague mchoro mmoja wa nyumba, mlango au chombo, aunakili kwa wino, na chama kiuweke katika kabati lake. Baada ya miaka kumi kabati lile litakuwa na habari ambazo hazimo katika jalada lo lote la masjala.

Twajua kwamba baadhi ya wasomaji watakubaliana nasi katika haya yote, kisha wafunge gazeti wakisema kwamba wataanza mwanzo wa mwezi, au watakaponunua daftari zuri. Kwao twasema kwamba daftari zuri huogopesha kuliko daftari la senti chache. Nyuma ya bahasha yatosha kwa leo. Chukua penseli iliyo karibu nawe, utazame kitu kilicho karibu nawe kuliko vyote, bilauri, funguo, au kiatu chako mwenyewe, ukichore kwa dakika kumi, uandike tarehe chini yake. Kesho uchore kingine.